Mechi inaahirishwa shabiki yuko njiani: mashaka yatangazwe mapema, si uamuzi peke yake

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Jambo hili limenikaa kifuani wiki mbili, nimeona nilitoe. Nilisafiri usiku kucha kwa basi kuifuata timu yangu ugenini. Masaa tisa barabarani, magoti yamebana kwenye kiti cha mbele, pembeni yangu mzee mmoja kavaa jezi ya zamani iliyopauka, kapakata redio yake ndogo. Tulifika asubuhi, tukanawa nyuso, tukaenda kupanga foleni. Yalipobaki masaa mawili na ushee, kijana wa getini akatuambia tusisukumane, mechi haipo. Mzee akamwuliza: "Haipo leo, au haipo kabisa?" Kijana hakujua. Hakuna aliyemwambia.

Basi letu lilikodiwa kuondoka saa nne usiku, na dereva alikuwa ameshakwenda kulala. Tukakaa ukutani nje ya uwanja tangu mchana hadi saa hiyo. Tulivyosikia baadaye, sababu ilikuwa maji uwanjani. Sasa wakuu, mvua ile ilikuwa inanyesha tangu juzi yake. Wakati sisi tunapanda basi, kuna watu walikuwa wamesimama kwenye yale maji wakiyatazama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko nauli.

Nieleweke vizuri. Sipingi mechi kuahirishwa. Uwanja ukijaa maji mchezaji anaweza kuvunjika mguu, na barabara zikiwa za hatari hakuna pointi tatu zinazolingana na uhai wa mtu. Ninacholalamikia ni saa. Kati ya muda ambao mtu wa kwanza anaingiwa na mashaka na muda ambao tangazo linatoka, hupita masaa mengi, na ndani ya masaa hayohayo ndimo watu wa ugenini wanapopanda mabasi, treni na ndege.

Angalieni Warsaw, 16 Oktoba 2012, Poland na England kufuzu Kombe la Dunia. Uwanja mpya kabisa, una paa la kufungua na kufunga. Paa likaachwa wazi, mvua ikamwagika, na paa lile haliwezi kufungwa mvua ikiwa inanyesha. Mwamuzi akakagua, akasubiri, akakagua tena, watu wako vitini wanalowa. Mechi ikapigwa kesho yake saa 11 jioni, ikaisha 1-1. Aliyekuwa na ndege ya asubuhi alirudi England hajaona mpira ukiguswa. Wingu la mvua halifichiki, na walioamua kuhusu lile paa walikuwa na siku nzima ya kulitazama.

Angalieni Burnley, 28 Novemba 2021, walipokuwa wanawasubiri Tottenham. Theluji ilianguka kiasi kwamba kila wakiiondoa inajaa upya, mechi ikaahirishwa chini ya saa moja kabla ya kuanza. Kulikuwa na mke na mume waliotoka Dallas, Marekani, safari ya zaidi ya masaa 30, wamefika ndipo wanaambiwa. Habari yao ikasambaa mtandaoni, Harry Kane, aliyekuwa mshambuliaji wa Tottenham, akawaalika kama wageni wake kwenye mechi ya nyumbani watakayoweza kufika. Kane alifanya uungwana mkubwa. Lakini wale wengine wote waliosafiri siku ile hawakuonekana na mtu yeyote.

Na kwetu tunakumbuka 8 Machi 2025, dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, wakatoa taarifa kwamba hawatacheza. Tangu dakika ile nchi nzima ilijua mechi ina mashaka. Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha siku yenyewe ya mechi, yakiwa yamebaki masaa machache. Nani alikuwa sahihi kati ya Simba, Yanga na Bodi, hilo lina nyuzi zake na naomba tusilihamishie hapa. Ninamzungumzia mtu aliyepanda basi la alfajiri kutoka mkoani kwa sababu hakuna chombo chochote chenye mamlaka kilichomwambia asubiri kwanza.

Kuna na jambo la pili ambalo halisemwi sana. Mechi ikiwa kiporo, yaani ikiahirishwa ichezwe siku nyingine, mara nyingi inahamia katikati ya wiki. Ile ya Burnley ilikuwa Jumapili mchana, ikarudiwa Jumatano usiku, 23 Februari 2022. Ile ya Kariakoo ilikuwa Jumamosi, ikachezwa Jumatano, 25 Juni 2025, baada ya kupangwa tarehe 15 na kusogezwa tena. Mtu aliyeomba ruhusa kazini mara moja hawezi kuomba mara tatu. Wanatuambia "tiketi yako bado ni halali" kana kwamba wametupa kitu. Tiketi ni halali, lakini mimi Jumatano usiku niko kazini umbali wa masaa tisa.

Ombi langu kwa wanaoendesha ligi ni hili moja: tangazeni mashaka. Msisubiri mpaka muwe na uamuzi. Mkishaanza kujiuliza, tuambieni kwamba mnajiuliza, mtakagua saa ngapi, na jibu litatoka saa ngapi. Sisi ni watu wazima, tutaamua wenyewe kama tunapanda basi au tunasubiri la mbele.

Karibuni tujadili.

#2

Pole sana mkuu. Hilo swali la mzee limenigusa, maana kuna watu walijibiwa "haipo kabisa". Desemba 2021 Rennes ya Ufaransa ilikwenda London kucheza na Tottenham kwenye Conference League, mashindano ya vilabu vya Ulaya. Corona ikaingia kambini kwa Tottenham, na jioni ya kuamkia mechi ikatangazwa kwamba haitachezwa. Rennes walikuwa wameshafika, na mashabiki wao pia walikuwa wameshavuka maji. Tarehe mpya haikupatikana, UEFA, wanaosimamia soka la Ulaya, wakaishia kuwapa Rennes ushindi wa 3-0. Timu ikabeba pointi zake. Shabiki akarudi na begi lake.

#3

Mkuu mwanzisha uzi, pole kwa yaliyokukuta, ila naomba niseme upande wa pili kwa sababu nimewahi kusaidia shughuli za uwanjani siku za mechi.

Watu wanadhani kuna mtu mmoja ofisini anakalia uamuzi kwa ukaidi. Sivyo. Uwanja wenyewe ni wa mwamuzi. Anaingia, anadundisha mpira, anauviringisha chini. Ukinasa kwenye maji anatafuta sehemu nyingine anajaribu tena, anatazama milangoni, anatazama kama mistari inaonekana. Uwanja wenye mifereji mizuri chini ya nyasi unaweza kuwa bwawa saa nne asubuhi na saa nane ukachezeka bila shida. Ukiahirisha saa nne, na saa nane jua likawaka, hao hao mashabiki watakusema.

Halafu kuna mambo yaliyo nje ya nyasi. Everton na Liverpool, 7 Desemba 2024, dabi ya mwisho ya ligi Goodison Park, uwanja wa Everton wa wakati ule. Kilichoizuia ni upepo wa kimbunga Darragh. Polisi na halmashauri ya jiji wakakaa na vilabu wakaona si salama watu kuzunguka pale. Tangazo likatoka asubuhi, mechi ilikuwa ya saa sita na nusu mchana. Hapo mwamuzi hata hahusiki. Watu wanne au watano tofauti wana haki ya kusema "hapana", na kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme kwanza.

Na hofu yao kubwa ni hii: ukitangaza mashaka, nusu ya watu hawaji. Mechi ikichezwa, viti vitupu, na aliyebaki nyumbani kwa ajili ya tangazo lako atakudai wewe.

#4 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa #3, nashukuru sana, haya ndiyo niliyotaka kuyasikia. Hiyo sentensi yako kwamba kila mmoja anamsubiri mwenzake imenieleza zaidi kuliko taarifa zote za vilabu nilizowahi kusoma.

Ila hofu ya viti vitupu ina jibu, na limeshawahi kufanyiwa kazi. 5 Januari 2025, Liverpool na Manchester United, theluji imeshuka England kaskazini. Asubuhi ile Liverpool walisema waziwazi: tumekaa kikao cha usalama, kwa sasa mechi ipo, mchana tunakaa kingine. Kila mtu alijua asubiri nini na hadi lini. Kikao cha pili kikapita, mechi ikachezwa, 2-2, na Anfield, uwanja wa Liverpool, ilikuwa imejaa. Mashaka yalitangazwa na watu wakaja vilevile.

Na kwa haki kabisa, kuna mechi ambazo hakuna wa kulaumiwa. Siku ileile ya dabi ya Kariakoo, 8 Machi 2025, Barcelona walikuwa wacheze na Osasuna saa tatu usiku. Dakika kama ishirini kabla, watu wameshajaa, ikatangazwa kwamba daktari wa timu, Carles Miñarro, amefariki. Nani atamlaumu mtu pale? Shabiki wa Osasuna aliyesafiri aliinamisha kichwa akaondoka, na ndivyo inavyopaswa. Msiba haupigi hodi. Lakini mvua ya siku mbili inapiga hodi, na ugomvi wa taarifa kwa taarifa unapiga hodi usiku kucha. Tusiziweke mechi hizi kapu moja.

#5

Mimi ni mwenyekiti wa tawi la mashabiki, naomba niongee kama mtu anayeshika daftari la michango.

Watu wakisikia "gharama" wanafikiria tiketi. Tiketi ndiyo ndogo kuliko zote. Hata England, ambako tangu msimu wa 2016/17 vilabu vya Ligi Kuu haviruhusiwi kumtoza shabiki wa ugenini zaidi ya pauni 30, wenyewe wanakwambia treni na hoteli ndivyo vinavyowamaliza. Kwangu mimi, basi likishawasha injini, fedha ya kukodi imekwenda. Mwenye basi hanirudishii kwa sababu uwanja ulijaa maji, na siwezi kumlaumu, mafuta yake yamechomeka na dereva wake kakesha.

Sasa fikiria ninavyorudi kwa wanachama. Kuna aliyechanga kidogokidogo kwa miezi miwili. Kuna mama mmoja hulipia yeye na mwanawe anayetumia kiti cha magurudumu, na kwa ajili ya huyo mtoto nilitafuta basi lenye nafasi, nikapiga simu uwanjani kuulizia mahali pa kukaa, nikaandika barua. Mechi ikiahirishwa kazi hiyo yote inaanza upya, na kwenye kiporo basi lile halipatikani kwa sababu ni siku ya kazi na limekodiwa na wengine. Mara ya mwisho ilipotutokea, kwenye safari ya kiporo tulijaza viti chini ya nusu. Waliobaki walilipia safari moja ambayo hawakuona kitu, na ya pili hawakuweza kwenda. Mama na mwanawe walikuwa miongoni mwao.

Wanachama hawaigombezi ligi. Wananigombeza mimi, na nawaelewa, maana mimi ndiye waliyenipa fedha mkononi. Wawili wameacha kuchangia tangu siku ile. Kwa hiyo mwanzisha uzi naliunga mkono ombi lako mikono miwili. Ningepewa taarifa ya mashaka jioni ya siku iliyotangulia, ningemwambia mwenye basi tusubiri hadi alfajiri. Masaa sita tu ya taarifa yangeokoa safari nzima.

#6

Samahani wakuu, naomba kuelimishwa. Mimi ni dada ninayesafiri peke yangu kufuata timu, na mara moja nimeachwa kituoni usiku kwa sababu mechi iliahirishwa na basi langu lilikuwa la kesho yake. Je, bima ya safari inasaidia? Na hoteli?

#7

Dada wa #6, pole kwa usiku huo. Bima nyingi za safari zinalipa ukiugua, ukipoteza mzigo au chombo cha usafiri kikikwama. Mechi kuahirishwa wakati basi au ndege yako imekufikisha salama, kwa kawaida haimo, kwa sababu kwa macho yao safari yako imefanikiwa. Soma masharti kabla ya kulipa, tafuta neno "tukio kuahirishwa". Hoteli chagua ile inayokubali kufuta bila makato hadi siku yenyewe, hata kama ni ghali kidogo. Tiketi ya mechi itunze hata kama imechanwa getini, na piga picha ya tangazo la kuahirishwa likionyesha saa. Siku ukidai chochote, hiyo saa ndiyo ushahidi wako.

Na kwa usalama wako, mjue angalau mtu mmoja wa tawi la wenyeji kabla hujafika. Mashabiki wa mpira wakiambiwa kuna mgeni amekwama, wanasaidia. 11 Aprili 2017 basi la Borussia Dortmund lilipolipuliwa kwa mabomu likielekea uwanjani, mechi yao na Monaco ikahamishwa hadi kesho yake. Usiku ule watu wa Dortmund walifungua nyumba zao, wakawatangazia mashabiki wa Monaco mtandaoni kwamba vitanda vipo. Watu ambao wangezomeana uwanjani walikula meza moja.

#8

Wakuu, kwenye suala la kuahirisha kwa vipandevipande msisahau River Plate na Boca Juniors, fainali ya Libertadores 2018, kombe la vilabu vya Amerika Kusini, iliyokuwa ya mechi mbili. Kwanza mkondo wa kwanza wenyewe ulisogezwa siku moja kwa mvua. Halafu tarehe 24 Novemba, mkondo wa pili, basi la Boca likapigwa mawe njiani, wachezaji wakaumia. Uwanja una watu zaidi ya 60,000 wamekaa tangu mchana. Wakaambiwa itaanza saa 12. Wakaambiwa saa 1 na robo. Kisha wakaambiwa kesho. Kesho yake wakarudi, wakaambiwa haipo tena. Mwisho ikapelekwa Madrid, ikachezwa 9 Desemba, River wakashinda 3-1 kwenye muda wa nyongeza.

Mashabiki wa ugenini hawakuruhusiwa siku ile, lakini River wana watu Argentina nzima, kwa hiyo wengi walikuwa wamesafiri. Fainali ya maisha yao ikavuka bahari ya Atlantiki. Kuahirisha mara moja kunauma, lakini kumwambia mtu "subiri kidogo" mara nne, kila mara akiongeza usiku mmoja na mlo mmoja, kunamchosha vibaya zaidi. Kwa hiyo kwenye ombi la mwanzisha uzi niongeze: mkitaja saa ya jibu, jibu litoke saa hiyo.

#9

Naona wote mnazungumzia taarifa, nami nataka mzungumzie fedha. Taarifa ya mapema ni nzuri, lakini kosa likiwa la mwenyeji, alipe.

Na inawezekana. 15 Mei 2016, siku ya mwisho ya msimu, Manchester United na Bournemouth. Watu wameshaingia Old Trafford, uwanja wa United, kikaonekana kitu kama bomu chooni, uwanja ukaondolewa watu. Kumbe ni kifaa cha mazoezi ya usalama kilichosahauliwa. United hawakujificha nyuma ya "tiketi bado ni halali". Walirudisha fedha za tiketi kwa wote, na wakawaruhusu kuingia bure mechi ilipochezwa Jumanne. Bournemouth nao wakatoa mabasi ya bure kwa watu wao, na kutoka Bournemouth hadi Manchester ni kama kilomita 400. Klabu zilizotaka kufanya haki zilifanya ndani ya siku mbili, bila kamati.

Mwenyekiti wa #5, siku nyingine andika barua. Weka stakabadhi ya basi. Wakikataa, wakatae kwa maandishi.

#10

Mkuu wa #9 nakubaliana nawe kwa klabu tajiri. Ligi za chini klabu mwenyeji yenyewe imeshalipa ulinzi, usafi na kuandaa uwanja, na mapato ya geti hayajaingia. Ukiibebesha na mabasi ya wageni unaifunga. Mimi ningependa ligi itenge kidogo kutoka fedha za televisheni, iwe akiba ya mashabiki wa ugenini, na mechi ikiahirishwa ndani ya masaa 24 matawi yaliyosajiliwa yarudishiwe sehemu ya nauli. Wenyewe wataanza kukagua viwanja mapema wakijua uzembe unawatoka mfukoni.

#11 – Mwanzisha uzi

#10, hilo la akiba nitaliandika kwenye barua. Tumeshaongea na mwenyekiti wa #5 faragha, tunaandika pamoja: matawi yetu ni ya timu tofauti, na tumekubaliana kila tawi lisaini lake.

Kuna mkuu kaniuliza pembeni kuhusu yule mzee. Nilichukua namba yake siku ile pale ukutani. Kiporo kimepangwa Jumatano saa mbili usiku, nimempigia jana. Atakwenda, ameshastaafu, siku za kazi hazimzuii. Amenikumbusha tu kwamba mfuko hauruhusu safari ya tatu, kwa hiyo mvua ikinyesha Jumatatu au Jumanne niulizie uwanjani kabla hajapanda basi, halafu nimpigie.

Nimemwahidi. Tangu jana natafuta namba ya mtu wa kuuliza. Ya klabu haipokelewi, na ya ligi wamenijibu nifuatilie ukurasa wao. Mwenye namba ya yeyote anayehusika na ule uwanja, hata mkata nyasi, naomba anitumie faragha kabla ya Jumatatu.